Kufa Hakumo Kwenye Fomu

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri Mgane alichomoa mashine ya kufyonza vumbi kwenye chaji, akahakikisha taa zote tatu ni za kijani, akaanzia mlangoni. Haikuwa na waya, na chaji yake ilikuwa ya dakika ishirini na tano tu, kwa hiyo hakuwa na muda wa mchezo. Majirani walimwita Mgane tangu alipomzika mkewe miezi minne iliyopita, ingawa mkewe alirudi nyumbani kila siku saa kumi, zamu ilipokwisha.

Mashine ililetwa na wakubwa wa kiwanda cha saruji siku ya mazishi. Ndiyo ilikuwa rambirambi. Ilikuja na karatasi iliyosema marehemu amekufa kwa moyo kusimama. Kana kwamba kuna anayekufa moyo ukitembea.

Mkewe aliingia, akavua kandambili, akaketi kwenye kiti chake. Alikohoa. Kila alipokohoa, saruji ya kijivu ilimtoka kifuani ikatua sakafuni, laini kama unga. Miaka kumi na tisa alifunga mifuko bila barakoa. Barakoa zilikuwa zimeagizwa, zilikuwa njiani.

"Inua miguu, mama."

Akainua. "Wewe huyu ulikuwa hujui fagio linashikwa upande gani. Leo umekuwa fundi!"

"Nyamaza, utakohoa tena. Chaji inaisha."

Kikopo cha mashine kilijaa mara mbili, naye akakimimina kwenye ndoo nyuma ya mlango. Alichotaka kilikuwa kimoja: mkewe apumzike. Aliyekufa ana haki ya kulala, hata asiyesoma anajua hilo. Alikwenda kwa karani wa zamu mara tatu.

"Mzee wangu, jina liko kwenye orodha, na mwenye jina anaripoti kwa wakati," karani alimwambia. "Nimfute kwa lipi?"

"Amekufa."

"Najua, si nilikuja msibani? Lakini kufa hakumo kwenye fomu. Leta uthibitisho kwamba vumbi limemdhuru, nitakutumia mkaguzi."

Mgane alirudi nyumbani. Wanyonge hufagia, wakubwa hufagiliwa. Dunia iligawanywa hivyo zamani. Lakini ndoo alikuwa nayo, na ndoo haisemi uongo.

Mkaguzi alikuja Alhamisi saa kumi na robo, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, mama," alimsalimu marehemu. "Pole na kazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Mkaguzi aliinua miguu yake mashine ipite, akaisifu kwa jinsi inavyovuta. Kisha akaitundika ndoo kwenye mzani wa mkononi.

"Kilo kumi na nane," alisema. "Saruji safi kabisa."

"Imetoka kifuani mwake," Mgane alisema. "Mwandikie ugonjwa."

"Ilikotoka sijui, mimi si daktari. Ninachoona ni mali ya kiwanda iliyopita getini bila kibali." Akatoa fomu. "Kuandika ugonjwa kunataka madaktari watatu na mwaka mzima. Wizi ni sahihi yako tu. Kesho anafutwa, anapumzika. Nakusaidia, baba."

Akampa kalamu. Mgane aliishika kwa mkono wa kulia. Kwenye mkono wa kushoto mashine bado ilikuwa inaunguruma. Akamtazama mkewe.

"Mwizi mimi?" mkewe alisema. "Mifuko yao nimeibeba mpaka mgongo ukapinda, sijaleta hata mmoja kwangu."

"Lakini utalala, mama watoto."

"Nilale na jina hilo? Wanangu waje kupalilia kaburi la mwizi? Mrudishie mwenzio kalamu yake."

Mashine ikazimika, chaji ilikuwa imekwisha. Mgane akairudisha kalamu. Mkaguzi hakukasirika. Aliandika kwamba mfanyakazi ni mzima na nyumba ni safi, akaaga vizuri, akaibeba ndoo, maana mali ya kiwanda ni mali ya kiwanda.

Ijumaa alfajiri mkewe alivaa kandambili akaenda zamu. Saa mbili ndoo ile ilimwagwa kwenye mashine ya kufungia mifuko, naye akaifunga mwenyewe saruji ya kifua chake. Haikufika hata nusu mfuko. Msimamizi akamwambia ajazie.