Funda la Mjukuu

Nyumba yetu iko nyuma ya viwanda vya kukamua alizeti, hapa Dodoma. Vyumba vinane, choo kimoja, na kisima kiko ubavuni mwa choo. Kipindupindu kilipoingia mtaani hakuna aliyeshangaa. Bwana afya alitugawia vidonge vya kutibu maji, nikatia kwenye ndoo yetu. Maji yakanuka dawa. Tukazoea, kama tulivyozoea vumbi la makapi kwenye ugali.

Mama mkwe akaja kutoka Mlali kumwona mjukuu wake, Anjelina, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea. Mimi nilikuwa kiwandani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mume wangu, Mazengo, akaona aibu kumpa mama yake maji yanayonuka, akamchotea ya kisimani. Mama akanywa, akabakiza funda moja, akamnywesha mjukuu. Wajukuu zake wote huwabariki hivyo.

Niliporudi nikakinusa kikombe alichonywea mama. Hakikunuka kitu.

"Maji haya umechota wapi?"

"Kisimani. Mama anyweshwe dawa, Loisi? Kwani anaumwa?"

"Na mtoto?"

Mazengo akainamisha kichwa.

Kesho yake wote wawili walikuwa kwenye mahema ya wagonjwa. Nesi aliutafuta mshipa wa mtoto kwa ajili ya dripu, akaukosa, akautafuta tena. Anjelina akafa mchana, juu ya kitanda chenye tundu la kuharia, ndoo chini yake. Wenye glavu wakampulizia dawa, wakamzika wao. Hata kumwosha hatukuruhusiwa. Sikulia. Majirani wakasema nina roho ngumu. Mimi sikuona ugumu wowote. Ndani hamkuwa na kitu. Nikarudi kazini kupepeta alizeti.

Mama mkwe akapona. Siku aliporuhusiwa tulimkalisha kwenye mkeka mlangoni. Habari za mtoto alishaambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji."

Nikampa ya ndoo yetu. Hakusema lolote juu ya harufu. Akanywa polepole, akabakiza funda, akakishusha kikombe pembeni, usawa wa kichwa cha mtoto, akangoja. Kisha akakumbuka. Mkono ukabaki pale pale.

Mazengo akatoka nje.

Nikapiga magoti, nikakipokea kikombe kwa mikono miwili, nikalinywa lile funda. Lilinuka dawa.