Saini za Mwabesa

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, Victorine alibandika karatasi tatu kwenye ubao wa matangazo, katika korido ya ofisi ya misitu ambamo alikuwa karani kwa miaka kumi na tisa. Alizibandika kwa utepe wa gundi kwa sababu pini zilikuwa zimekwisha. Sheria mpya ilitaka hivyo: kabla kampuni haijapewa msitu, wenyeji waulizwe, majibu yao yaandikwe, na maandishi yakae mahali pa wazi siku kumi na tano ili mwenye kupinga apinge. Zamani mambo hayo yaliishia kwenye droo. Mkubwa wake, Shefu Chola, alisimama nyuma yake akitazama kama karatasi zimenyooka.

Karatasi zilisema kwamba watu arobaini wa kijiji cha Mwabesa, upande wa Lukafu, walikutana baada ya misa na kukubali kampuni ikate mukula, mti ule wenye mbao nyekundu unaopakiwa kwenda Zambia. Mbele ya kila jina palikuwa na saini.

Mkutano haukufanyika. Gari la ofisi lilikuta daraja limevunjika, na Chola akarudi mjini. Kesho yake alimwambia Victorine, "Weye uko wa kule. Bantu unabajua. Unipatie majina makumi ine mbele ya saa kumi."

Victorine aliogopa kuandika walio hai. Aliwaza kwamba siku moja wataitwa, wataulizwa, pengine watapigwa. Basi aliandika waliokufa. Alianza na baba yake, akaendelea na mashangazi, wajomba, katekista na mkunga, akibadilisha kalamu na kuulaza mkono huku na huku. Alipofika thelathini na tisa majina yalikwisha. La arobaini aliandika Kiki, mdogo wake, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne.

Ijumaa, saa nne kasoro, baba yake alikuja kwenye dirisha la mapokezi.

Alikuwa amevaa suti ya kahawia waliyomzikia, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Aliwaacha watu wawili waliomtangulia wahudumiwe kwanza. Kisha akainama kwenye tundu la kioo.

"Jambo, Victorine."

"Jambo, papa."

"Kule nje kuko karatasi yenye jina yangu. Banasema nilikubali. Miye sikumbuke. Nilikubali nini?"

"Pori, papa."

"Pori yote?"

"Yote. Mpaka mutoni."

Papa Léonard alifikiria makaburi. "Malalo yetu iko ndani," alisema.

"Iko ndani."

Alimweleza kwamba Jumatano mtu wa kampuni, mwenye kofia ngumu, alisimama katikati ya misalaba akiwa na kipaza sauti. Alisoma majina yote arobaini. Aliwaambia kwamba kwa kuwa wamekubali wenyewe, wana siku kumi na tano za kuhama makaburini na vilivyo vyao. Hakuwaambia waende wapi.

"Mama Madeleine, dada yangu, anatetemeka tangu siku ile," alisema Papa Léonard. "Miye pia."

Aliweka mkono wake juu ya kaunta ili Victorine auone. Baba yake alifanya kazi ya reli miaka thelathini. Siku behewa lilipomvunja mguu alimtuma mtu nyumbani aseme atachelewa kula, basi. Victorine hakuwahi kumwona akiogopa kitu.

"Ile L ya jina yangu iko yako," alisema baba yake. "Njo ile nilikufundishaka."

"Ni miye, papa."

"Juu ya nini uliniandika?"

"Nilisema, muntu akishakufa hakuna kitu banaweza kumufanya."

"Banaweza," alisema Papa Léonard.

Jumatatu walifika kumi na tisa. Kufikia Jumatano walikuwa wote arobaini kwenye korido, wameketi kwa utaratibu kando ya ukuta, na mlinzi alikuwa amewaletea mabenchi mawili ya kwenye geti. Watu waliokuja kutafuta vibali vya makaa waliwaruka miguu na kuomba radhi. Kiki aliingia hadi nyuma ya kaunta, akakaa chini ya meza, akaishika sketi ya Victorine na hakuiachia mpaka saa ya kufunga.

"Nilisema nini?" alimuuliza.

"Hukusema kitu, Kiki."

"Yule bwana ya kofia anasema nilisema."

Shefu Chola alitoka ofisini kwake na kuwasalimu kwa heshima. Aliwaambia sheria mpya iko upande wao. Kila aliyesaini ana haki ya kupinga, mradi aje mwenyewe, na wamekuja, na aonyeshe kadi ya mpiga kura inayotumika. Papa Léonard alitoa yake, ikiwa ndani ya plastiki.

Chola aliigeuza. "Ya mwaka elfu mbili na kumi na moja. Iko périmée, papa, muda yake iliisha."

"Miye pia," alisema Papa Léonard.

Chola alimrudishia kadi kwa mikono miwili. Wengine hawakuwa na kadi kabisa. Mkunga alikuwa na cheti cha ubatizo, kilichoandikwa kwa wino uliopauka. Chola alisema angependa kuwasaidia, lakini siku hizi kila kitu kiko wazi, na mambo yakiwa wazi mtu hawezi kupindisha.

Alhamisi alikuja mgeni mwenye viatu safi. Hakutaja jina lake wala cheo chake. Aliwapita wafu bila kuwatazama, akaketi mbele ya meza ya Victorine, akauliza nani aliandika orodha ya Mwabesa.

"Beneyewe njo baliandika," alisema Chola haraka. "Beko pale nje, bote."

Mgeni alitikisa kichwa kukubali. Kisha alimuuliza Victorine, kwa upole, kama ana watoto.

"Niko na moya. Myriam."

"Anasoma wapi?"

Victorine alimtazama Chola, na Chola akatazama kalenda ukutani. Victorine alitaja shule. Baadaye alijaribu kukumbuka kwa nini alijibu, hakupata sababu. Aliulizwa tu, akajibu. Tangu siku ile gari jeupe aina ya jeep lilisimama mbele ya shule kila saa sita na nusu, wakati watoto wanatoka. Dereva hakushuka hata siku moja.

Mume wa Victorine, Ephraïm, fundi wa friji, alifunga warsha yake mapema ili amfuate Myriam shuleni, akimshika mkono njia nzima ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili na alionea aibu jambo hilo.

Siku ya kumi na nne Victorine alipiga chapa karatasi moja. Aliandika kwamba saini zote arobaini ni zake, kwamba mkutano haukuwapo, kwamba hao wote ni marehemu, na Kiki hakujua hata kushika kalamu. Aliweka tarehe, akasaini jina lake mwenyewe, akaibandika kando ya zile tatu. Papa Léonard alisimama akaisoma, akagusa herufi ya kwanza ya jina la binti yake kwa kidole. Victorine alirudi kwenye kiti chake na kuweka mkoba magotini. Ndani yake mlikuwa na kitenge, sabuni na mswaki, kwa sababu alijua watakuja kumchukua.

Hakuna aliyekuja. Saa tano Chola aliisoma karatasi, akasahihisha kosa moja la tahajia, akaigonga muhuri. Kesho yake walifika wageni wawili kutoka Kinshasa na kompyuta zao. Waliisoma mara mbili. Walisema ni mfano mzuri wa uwazi, kwamba miaka ya nyuma karatasi kama hiyo isingeonwa na mtu yeyote. Waliiingiza kwenye faili kama kiambatisho cha saba. Walipiga picha ya ubao na wafu wakiwa wameketi chini yake, wakamwomba Mama Madeleine asogee kidogo kushoto.

Siku ya kumi na sita kibali cha kampuni kilitoka.

Jumapili hiyo, watu walipotoka misa ya pili, wafu wa Mwabesa walifika nyumbani kwa Victorine, mtaa wa Katuba. Walibeba walivyokuwa navyo: sufuria, misalaba ya mbao, taa ya chemli, shuka zilizochafuka kwa udongo. Papa Léonard alieleza kwamba mashine zimeingia upande wa mtoni na hawakutaka kungoja zifike. Ephraïm alitoa friji mbovu uani ili wapate nafasi. Jirani, Mama Cathy, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna kilio.

"Nani alikufa?"

"Bote," alisema Victorine.

Mama Cathy alileta viti vya plastiki.

Waliishi hapo kimya. Hawakula sana. Kiki alilala na Myriam. Siku za Jumanne na Ijumaa, malori yalipopita kuelekea mpakani Kasumbalesa na magogo yaliyofunikwa turubai, walitoka wote wakasimama kando ya barabara. Utomvu ulidondoka kwenye lami kama damu ya mbuzi. Mkunga alijua kila gogo lilikosimama. "Ule ulikuwa juu yangu," alisema, na lori likapita.

Juma la tatu tangu wahamie, Chola alimwita Victorine na kumwonyesha faili jipya. Ni msitu mwingine, upande wa Kambove.

"Sitaki majina sasa," alisema. "Ile sheria inataka bantu, na kila muntu asaini na mukono yake. Kwako beko makumi ine. Bangapi banajua kuandika?"

Victorine alitazama dirishani. Lile gari jeupe lilikuwa limesimama ng'ambo, chini ya jua, vioo vimepandishwa.

"Makumi mbili na sita," alisema.

Chola aliandika hesabu hiyo. Alisema waje Alhamisi saa tatu. Kila atakayesaini atapewa barua ya kupata nafasi kwenye makaburi ya mjini, halali kabisa, na hakuna atakayemhamisha tena.

Jioni, jua bado lipo, Victorine aliwaambia uani. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mama Madeleine aliuliza kama barua itakuwa na muhuri. Victorine alisema itakuwa nao. Katekista alianza kupangusa miwani yake.

"Kule Kambove," alisema Papa Léonard, "ndani ya ile pori kuko malalo?"

"Sijue, papa. Sikuuliza."

"Nikatae?"

Myriam alikuwa akiosha sahani kwenye beseni karibu na mlango, na Kiki akizipokea moja moja. Victorine aliwatazama. Aliinuka akaenda kuzifuta. Papa Léonard alingoja mpaka sahani zikaisha. Kisha akamgeukia Ephraïm, akamwomba amwazime tai ya kuvaa Alhamisi, kwa sababu yake ilikuwa imeoza.