Giza la Mchana Buganguzi

Siku ile niliomba giza tu, na giza ndilo nililonyimwa.

Nilikuwa nimebakiwa na kihisi mwanga kimoja, kipande cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha. Nilikuwa nimekipaka chembe za oksidi ya zinki, ndogo hata darubini ya shule haizioni. Kazi ya chembe hizo ni kukituliza, ili pasipo na mwanga kisitoe umeme wa uongo. Kulithibitisha hilo, lazima kikae gizani robo saa huku kompyuta ikichora mstari. Vihisi vingine vyote viliharibiwa na unyevu wa ziwa, na maabara iliyokubali kunipokea ilitaka matokeo kabla ya jioni, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine.

Chumba changu cha Bukoba kina bati lenye matundu. Nikapanda gari hadi Buganguzi kwa mama, nikafunga milango mchana kweupe, nikaziba madirisha kwa mablanketi, na mimi mwenyewe nikajifunika jingine pamoja na kompyuta.

Nilisahau niko wapi. Kwetu nyumba yenye watu haifungwi mchana. Ikifungwa, pana msiba.

Mstari haujatulia, mlango ukafunguliwa. Alikuwa jirani yetu Klaudia, mkungu wa ndizi kichwani, akitoa pole. Nikamweleza, nikaanza upya. Akaja Audax na kuni. Nikaanza upya. Wakaja wanakwaya wa kigango na nyasi za kutandikia waombolezaji. Nilitamani kulia. Kila mmoja nilimwambia hakuna aliyekufa, na kila mmoja aliitikia kwa upole, kama anavyoitikiwa mfiwa anayeropoka.

Mama ndiye aliyekata shauri. Aliona heri wote waingie ndani, kwa kuwa aliye ndani hana mlango wa kufungua.

"Kaeni chini, waitu, ndugu zangu, mnyamaze," aliwaambia. "Mtoto wangu Evelyne anapima kitu chake."

Niliwaomba wazime simu. Klaudia alizima yake, ila hakusema kwamba anazo mbili.

Wakanyamaza kweli, wamebanana sakafuni. Chini ya blanketi niliuona mstari ukishuka, ukashuka, ukakaribia sifuri. Sijawahi kuona mstari mzuri vile. Zilibaki dakika chache tu, ndipo kifua cha Klaudia kikawaka.

Mstari uliruka, na simu ilipofunikwa kwa kanga haukurudi chini tena. Pumzi za watu wote wale zilikuwa zimekwisha kukilowanisha kihisi changu. La kuvunda halina ubani.

Klaudia alikuwa ameshapokea, na simu zile husikika chumba kizima. Alikuwa mjomba wangu Clavery, akipiga kutoka Bukoba mjini.

"Klaudia waitu, marehemu Evelyne alikuwa na urefu gani? Seremala ananisubiri."

Nikampokonya Klaudia simu, nikamtajia mjomba urefu wangu.