Maoni ya Majirani

Siku Theuri alipoachiliwa kwa bondi, hakuna mtu aliyepiga kelele nje ya korti pale Nyeri kunishinda mimi Wangechi. Nilikuwa nimevua kitambaa cha kichwa nikajifunga nacho kiunoni, natoa matusi ambayo hata sikujua ninayo. "Mtu ameua mtu na anarudi nyumbani kunywa chai! Hii ni korti ama ni hoteli?" Askari mmoja mzee akanishika mkono, akaniambia, "Mama, pole, hiyo ndiyo sheria." Nikamwambia hiyo sheria aipeleke kwao.

Tulikuwa watu kama sitini tuliotoka Tetu asubuhi hiyo, na sote tulikuwa tunachemka. Zamani, kabla ya Katiba mpya, mshukiwa wa mauaji alikaa rumande mpaka kesi yake iishe, hata ichukue miaka mitano. Siku hizi jaji anaweza kumwachilia asubiri kesi nyumbani, kama hakuna sababu nzito ya kumzuia. Karani alitoka akajaribu kutueleza hayo, tukamzomea. Sisi tulijua kitu kimoja tu. Ngatia alikuwa na miezi minne chini ya udongo, na mtu aliyemkata panga alikuwa anatoka kwa mlango wa mbele, amenyoa ndevu, mama yake amemshika mkono.

Ngatia alikuwa jirani yangu wa karibu kabisa. Shamba lake la chai limepakana na langu upande mmoja, na la kina Theuri upande wa pili. Ng'ombe wake alivunja ua, akaingia kwa Theuri akala nepia, nyasi ya kulishia mifugo. Basi, ni hayo tu. Kwa sababu ya nepia, mtu mzima alikatwa shingo saa nne asubuhi, mke wake akiona. Mke huyo ni Gaceri. Ni Mmeru, aliolewa hapa kwetu, na hapa kwetu hana dada, hana shangazi, hana mtu. Hakuna mwingine aliyeona. Bila Gaceri kusimama kizimbani na kusema alichoona, hakuna kesi.

Sasa sikilizeni vile Theuri alivyoachiliwa, halafu mnitukane vizuri.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, chifu alituambia kwamba kuna afisa wa probesheni anakuja. Jaji alitaka kujua majirani wanasemaje: mshtakiwa akirudi nyumbani, kutakuwa na shida? Gaceri alikuwa ameitwa kwao Meru, mama yake alikuwa amelazwa. Akaja kwangu jioni, bado na udongo wa shamba kwa miguu.

"Wangechi, mimi sitakuwa hapa. Waambie naogopa. Waambie huyo mtu akirudi, mimi siwezi kuishi hapo na watoto. Utanisemea?"

"Nitakusemea," nikamwambia. "Hata usiwe na wasiwasi. Mimi unanijua mdomo."

Afisa akaja Alhamisi, kijana mpole na mkoba wake. Chifu angempeleka shuleni, ama kanisani, ama hata pale barabarani chini ya mvua. Lakini afisa alikuwa lazima aone boma la mshtakiwa, basi chifu akaona asitembeze mgeni mara mbili. Akatuita sote huko, kwa bibi tunayemwita Cucu Wamucii, mama yake Theuri.

Na Cucu Wamucii, akisikia kuna wageni, angefanya nini? Alipika. Alichinja kuku wake, akaponda mukimo wa viazi na mahindi, akatuwekea kila mtu sahani mkononi. Mama huyu ana miaka sabini na sita. Hakuna nyumba kijijini ambayo hajaingia na kiondo siku ya shida. Mzee wangu alipougua ile miezi ya mwisho, mimi nikichoka mpaka nikitaka kulia, ni yeye aliyekuja kumwosha. Alikuwa anamwosha mgongo akimwimbia.

Kwetu huwezi kushika sahani ya mama wa mtu, unatafuna, na unamsema mtoto wake vibaya. Haifanyiki. Sijui niwaelezeje. Mdomo wenyewe unakataa.

Afisa akafungua daftari. "Naomba maoni yenu. Muwe huru."

Watu wakatazama mukimo. Halafu Kingori, mzee wa kanisa, akakohoa. "Huyo kijana tumemlea sisi wenyewe. Anaimba kwaya." Mwingine akasema hajawahi kumwona akilewa. Mwingine akasema ni mkulima mzuri, majani yake ya chai hayarudishwi kituo cha kupimia. Ati mkulima mzuri! Na hapo tulipokaa, ukigeuza shingo unaona kaburi la Ngatia na maua ya plastiki bado yana rangi.

"Na familia ya marehemu?" afisa akauliza. "Kuna mtu anaweza kuwasemea?"

Wote wakanitazama. Cucu Wamucii alikuwa ameinama mbele yangu na birika, ananiongezea chai. Chai ikamwagika kidogo kwa sahani, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Nikasema, "Hata wao hawana neno baya. Sisi hapa tunaishi kwa amani."

Nilisema hivyo. Mimi, na huu mdomo. Nilijiambia kwamba haina maana, kwamba jaji ana macho yake na akili yake. Si hivyo ndivyo tumezoea? Serikali ikija kuuliza, unaiambia kila kitu kiko sawa, inafunga daftari inaenda, halafu nyinyi mnabaki na mambo yenu. Sikujua kuna daftari ambalo likifungwa linaenda kufunguliwa mbele ya jaji.

Gaceri aliporudi kutoka Meru aliniuliza, "Ulisema?"

"Nilisema."

Basi, siku ya korti tulikuwa tumekaa benchi moja, mimi na yeye, nimemshika mkono. Jaji akasoma polepole, mwanamke mwenye miwani, hana haraka. Akasema wakili wa serikali amepinga dhamana kwa sababu shahidi anaogopa. Lakini, akasema, ripoti ya maoni ya majirani haionyeshi woga wowote. Jirani wa karibu aliyezungumza kwa niaba ya familia ya marehemu alieleza kwamba familia haina neno baya na watu wanaishi kwa amani.

Gaceri hakunitazama. Alitoa tu mkono wake kwa mkono wangu, akauweka kwa magoti yake. Mimi nikainuka nikatoka nje, na hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele. Niliona haya mpaka nikataka dunia yote isikie jaji ndiye mbaya.

Jioni hiyo tulifunga barabara hapo madukani. Mawe, magogo, matairi mawili. Kingori huyohuyo aliyesifu kwaya alikuwa mbele, amebeba jiwe la kujengea. "Hatutaki muuaji hapa!" Chifu akaja, tukamkemea, akarudi nyuma. Tulikuwa wengi na tulikuwa wakali, na ungetuona ungesema Theuri hatathubutu. Lakini ilipofika saa kumi na moja watu wakaanza kuangalia saa. Ng'ombe hawajakamuliwa. Mmoja akaondoka, wa pili akaondoka, na saa kumi na mbili matairi yalikuwa yanatoa moshi peke yake. Theuri alipita hapo asubuhi yake, akavuta magogo kando ili gari la maziwa lipite. Watu wakamwambia asante.

Na hakufanya kitu. Hilo ndilo lilikuwa baya. Jaji alimwambia asimguse shahidi, asimsemeshe, naye hakumgusa, hakumsemesha. Kila asubuhi alitoka na panga akaja kukata ua, mahali palepale ng'ombe alipovunja, mkabala na jikoni kwa Gaceri. Anakata, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Ua ambao haukuwa na haja ya kukatwa. Ungeenda kumshtaki useme nini? Eti anakata ua wake?

Siku ya tano Gaceri alifunga nguo kwa magunia mawili. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

"Ng'ombe utanikamulia," akaniambia. "Majani utachuma, usiache yakomae. Naenda Kerugoya, kwa dada yangu Kinya. Amepanga chumba kimoja nyuma ya soko, watoto wote watatu watalala kitanda kimoja. Wewe tu ndiye najulisha, kwa sababu ya ng'ombe. Usimwambie mtu."

"Kesi utakuja?"

"Nikiwa hai nitakuja. Mimi nitasema nilichoona, Wangechi. Mimi sijui kusema ingine."

Hilo neno liliniuma. Nikapanda gari mpaka kwa polisi anayechunguza kesi, nikamwambia kila kitu, hata habari ya mukimo. Akanisikiliza akiwa ameshika kichwa. Akasema bado kuna njia: nilete majirani watatu waape kwa maandishi kwamba shahidi anatishwa, na kwamba yale tuliyomwambia afisa hayakuwa kweli. Wakili wa serikali atayapeleka kwa jaji, na bondi inaweza kufutwa. "Watatu tu, mama. Wewe na wawili."

Wawili! Kati ya wale wote wa mawe na matairi! Nilirudi nikiimba.

Siku ya kupima majani nikaenda kituo cha chai, kwa sababu huko hakuna anayekosa. Watu walikuwa kwa foleni, vikapu mgongoni, wanapiga porojo. Nikasimama kwa jukwaa la mizani, nikawaeleza. Karatasi ninayo hapa. Ni kuapa tu na kutia sahihi.

Watu walianza kupekua majani yao kama waliopoteza kitu ndani. Mmoja akasema atatia kama wengine watatia. Mwingine akasema bwana yake hayuko. Kingori akajikuna shingo, akasema mbele ya watu wote, "Lakini Wangechi, si ni wewe ulisema tunaishi kwa amani?"

Watu wakacheka. Si wote, na si kwa nguvu, lakini walicheka.

Wee! Nilisikia damu ikipanda mpaka kwa macho. "Chekeni!" nikawaambia. "Chekeni tu! Mnajua Gaceri analala wapi leo? Mnajua? Yuko Kerugoya, kwa chumba cha dada yake nyuma ya soko, watoto watatu kwa kitanda kimoja kama magunia! Mke wa Ngatia, ambaye alikuwa anawapatia maziwa bure mkizaa! Amefukuzwa na nani? Si Theuri. Ni sisi! Sisi na adabu yetu!"

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Kingori aliweka kikapu chini, akaja pole pole akachukua kalamu. Nyuma yake akaja Watiri wa duka. Watatu wakatimia. Nilitembea nyumbani nikijisikia mtu tena. Nilijiambia, huu mdomo umelipa.

Karatasi zilienda kwa wakili wa serikali siku ya Jumatatu. Tukaambiwa jaji atatusikiliza baada ya wiki mbili.

Jumatano asubuhi nilikuwa namkamua ng'ombe wa Gaceri. Nikasikia mluzi ule kwa ua, halafu mluzi ukanyamaza.

"Umeamkaje, mama?"

Theuri alikuwa amesimama upande wake, panga chini, amevua kofia kwa heshima. Ameniita mama tangu akiwa mdogo. Nilitaka kumtemea mate. Nikasema, "Nimeamka vizuri."

"Unamwangalizia ng'ombe vizuri. Mungu akubariki." Akatazama jikoni iliyofungwa. "Na watoto walipata shule huko Kerugoya?"

Maziwa yalikuwa yanaingia kwa ndoo, kisha hayakuwa yanaingia. Mikono yangu ilikuwa imesimama.

"Nasikia wanalala vibaya, watatu kwa kitanda kimoja," akasema. "Nyuma ya soko pana baridi. Nilifikiria siku moja nipite nimwone. Nimpe pole vizuri, mtu na mtu."

Akavaa kofia. Akakata tawi moja, la pili, akaenda zake.

Nilimwacha ng'ombe na kamba miguuni, nikakimbilia simu. Nilimpigia polisi kwanza. Akaniuliza, "Alisema atampiga? Alisema atamuua?" Nikasema hapana, alisema atampa pole. Akashusha pumzi, akasema tusubiri hiyo siku ya jaji, na Gaceri awe mwangalifu.

Ndipo nikampigia Gaceri. Alishika mara moja, nyuma yake nikisikia watu wa soko wakiita wateja. Nikamwambia Theuri anajua mahali alipo. Anajua soko, anajua chumba, anajua hata kitanda.

Nikamsikia akifunga mlango.

"Ni nani alimwambia?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo niseme hivyo. Lakini nikasema, "Ni mimi. Niliwaambia watu kituoni. Nilikuwa na hasira kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," akasema.

Nikaanza kumweleza habari ya karatasi, ya Kingori, ya wiki mbili zilizobaki. Sijui kama alinisikia. Alikuwa ametoa simu sikioni bila kuikata, na nikamsikia akiwaambia watoto wavae viatu.