Kamati ya Kuchagua Kionyesha Njia

Hospitali ile ilikuwa na gari moja la wagonjwa na dereva mmoja, na kwa miaka ishirini na sita dereva huyo alikuwa Babu Breki, aliyeijua mitaa ya mji kama mifuko ya suruali yake. Alipostaafu alikabidhi funguo, jeki, tairi la akiba na koti la mvua. Ramani hakuikabidhi, kwa kuwa ilikuwa kichwani, na kichwa aliondoka nacho kwenda kulima.

Nafasi yake ilichukuliwa na mwanamke ambaye wauguzi walimbandika jina la Bi Klachi, kwa jinsi alivyobadilisha gia bila gari kushtuka. Alikuwa ameendesha malori ya mizigo kwa miaka kumi na miwili. Barabara kuu alizijua hadi mashimo yake, lakini lori haliingii vichochoroni, na wagonjwa wana tabia ya kuugulia huko huko vichochoroni. Kazi hii aliitaka kwa moyo wote. Kwa mara ya kwanza tangu amzae binti yake, alikuwa analala kitandani kwake kila siku na kumsuka mwanawe nywele kwa mikono yake, badala ya kuambiwa kwenye simu kwamba jirani ameshamsuka. Kwa ajili ya hilo angeendesha hata toroli.

Wiki ya tatu akapotea. Fundi cherehani mmoja alikuwa anajikunja kwa maumivu ya tumbo, na Bi Klachi akazunguka dakika arobaini akitafuta nyumba yenye geti la kijani katika mtaa ambao, sijui kwa mkosi gani, mageti yote yalikuwa ya kijani. Alipofika, kidole tumbo kilishapasuka. Fundi alipona, lakini alilala wodini mwezi mzima, na kila Bi Klachi alipopita dirisha lile aliinamisha uso kwa aibu. Barua ikamfuata. Katibu wa hospitali alimkumbusha kwamba yuko kwenye majaribio ya miezi sita, na kwamba akichelewa tena kwa sababu ya kupotea, ajihesabu hana kazi.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili, na mtu wa mafaili akiona nyumba inaungua hutafuta kwanza faili la kuuweka huo moto.

Bi Klachi akamwendea, mikono nyuma, akaomba gari lipatiwe kionyesha njia, kile kidude kinachosema kata kushoto, kata kulia. Simu isingefaa. Kanuni ilimkataza dereva kugusa simu akiwa kwenye usukani, na hata bila kanuni, simu yake ilikuwa ya vitufe. Katibu akamsikiliza hadi mwisho, akasema wazo hilo ni zuri sana, kwa hiyo linahitaji kamati.

Kamati ikaundwa: Katibu mwenyewe, Mkuu wa Maabara, na mtunza ghala, ambaye watu walimwita Mzee Rangi kwa sababu kila kilichoingia hospitalini, kuanzia kiti hadi ndoo ya kudekia, alikiandika namba ya mali kwa rangi nyeupe ya mafuta. Kati ya watatu hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema; hawa hata shamba lenyewe walilisikia kwa watu. Dereva hakuingizwa kwenye kamati kwa maelezo kwamba ana maslahi binafsi katika jambo hilo, nayo maslahi yenyewe yalikuwa kutopotea.

Wakakaa vikao saba. Mkuu wa Maabara alitaka kile cha kujengewa ndani ya dashibodi. Kioo chake ni kikubwa, alisema, kinakaa pale kama kimezaliwa na gari, hakidondoki na hakiibiki. Mzee Rangi alitaka kinachobebeka, kile cha kugandisha kwenye kioo cha mbele. Cha kujengewa kikiharibika, alisema, gari zima linalala gereji, na ramani zake zikichakaa lazima umrudie aliyekiuza akupangie foleni. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri, na kamati ikaziacha zote mbili, kwa kuwa zilihusu kuendesha gari. Kilichowanyima usingizi ni swali la nani atakuwa na dhamana. Cha kujengewa kitaingia kwenye daftari la magari au daftari la vifaa? Kikiingia kwenye la magari, ghala halitakihesabu. Kikiingia kwenye la vifaa, je, kila mwisho wa mwezi gari lote liingizwe ghalani likahesabiwe?

Kikao cha tano kilikuwa cha majaribio. Muuzaji alileta vifaa vya aina zote mbili, pamoja na gari la kwake lenye kile cha kujengewa, akaliegesha uani sambamba na la hospitali. Akaomba wazunguke mjini kidogo. Kamati ikakataa, maana ruhusa ya kutoka nje ya geti haikuwa imeombwa. Basi wakajaribu magari yakiwa yameegeshwa. Ilipofika zamu ya kutaja mahali pa kwenda, walibishana nusu saa, kisha wakakubaliana juu ya mahali pekee ambapo wote walipafahamu: hospitalini. Kifaa cha kwanza kikasema, umefika. Cha pili nacho kikasema, umefika. Kamati ikapiga makofi, na muhtasari ukaandikwa kwamba vifaa vyote viwili vina usahihi wa kuridhisha. Bi Klachi, aliyekuwa anafuta vioo vya gari, aliuma kitambaa asicheke. Baadaye, akiwa peke yake, hakuona tena cha kuchekesha, kwa kuwa mwezi wa tatu wa majaribio yake ulikuwa unayoyoma.

Katika kikao cha saba Katibu alitoa hoja iliyomaliza ubishi. Kinachobebeka, alisema, kinafungika kabatini. Wenzake wakatikisa vichwa kwa jinsi ilivyo rahisi, wakashangaa kwa nini hawakuliona hilo tangu mwanzo. Kifaa kikanunuliwa. Kikawekwa kwenye kabati la chuma la Katibu, na utaratibu ukatungwa: dereva akiitwa kwa mgonjwa, ajaze fomu kueleza anakwenda wapi, isainiwe na muuguzi wa zamu, na mtunza ghala, na Katibu, ndipo kabati lifunguliwe. Akirudi, akirudishe.

Mzee Rangi naye akatimiza wajibu wake. Alikigeuza kifaa nyuma akakuta karatasi ya dhamana ya kiwanda, iliyoandikwa isifunikwe kwa namna yoyote. Yeye hakuwa mtu wa kuvunja masharti ya kiwanda. Akakigeuza tena mbele, na pale kwenye kioo, kwa mkono wake mzuri, akaandika namba ya mali toka ukingo hadi ukingo.

Bi Klachi alikitumia mara tatu. Barabara zilikuwa zinaingia chini ya namba na kutokea upande wa pili zikiwa zimeshakata kona. Alipolalamika, kamati ilimjibu kwa maandishi kwamba asome pembeni mwa namba. Akaona hapa atajifia na kitumbua chake kitaingia mchanga. Jumapili akamshika binti yake mkono, wakaingia mitaani kiguu na njia, wakiandika kwenye daftari la shule: duka la bluu, nguzo iliyoinama, kinyozi, mbwa mkali, kata kulia. Ndani ya wiki sita walikuwa wamemaliza nusu ya mji.

Ile nusu nyingine ndiko alikoishi Katibu, katika mtaa mpya nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alhamisi moja, saa tano asubuhi, akiwa nyumbani kwa likizo, kifua kilimbana, jasho likamtoka na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mkewe, mwalimu wa hesabu, akapiga simu hospitali. Muuguzi wa zamu, ambaye kila mtu alimwita Sista, akabeba begi na mtungi wa oksijeni, akakimbilia garini. Bi Klachi akakimbilia ghalani.

Mzee Rangi alikuwa tayari ameshasaini. Sista naye alikuwa amesaini huku anakimbia. Ilibaki saini ya Katibu na ufunguo wa kabati, na ufunguo Katibu alikwenda nao likizo kwa sababu hakumwamini mtu. Mzee Rangi alisema, kwa huruma ya kweli, kwamba yeye angeshauri wasubiri maelekezo.

Bi Klachi alisimama pale na ile fomu mkononi. Akichelewa, hana kazi. Akiondoka bila kifaa, atakuwa amevunja utaratibu, na kazi pia hana. Akilini alimwona binti yake akisukwa tena na jirani. Kisha akamwona fundi cherehani, akaiacha fomu juu ya meza na kwenda kuwasha gari.

Sista alishika simu ikiwa na sauti ya juu, mke wa Katibu akawa anaelekeza. Wakivuka reli, alisema, wasifuate lami, kwa kuwa lami ile inaishia ukutani. Wafuate vumbi mpaka kwenye tangi la maji. Hapo kati, kule nyumbani, simu ikanyakuliwa. Ilisikika pumzi nzito, halafu sauti ya Katibu mwenyewe, ikikatikakatika kama uzi mbovu.

"Dereva. Fomu umejaza?"

Ikasikika purukushani kidogo, na sauti ya mwalimu ikamwambia mumewe alale chini kabla yeye hajamlaza. Maelekezo yakaendelea. Walifika kwa dakika kumi na nne.

Katibu akapona. Siku ya tano, kamati ikakutana kandokando ya kitanda chake, maana hakuwa mtu wa kuacha kikao kipite. Mkewe alikuwa pembeni akimenya chungwa. Bi Klachi aliitwa, akaja amevaa sare aliyoipiga pasi, akidhani ataambiwa ahsante. Jambo la kwanza lilipita bila ubishi: kifaa kinachobebeka kitolewe kabatini na kufungwa kwenye dashibodi kwa skrubu nne, ili kisibebeke. Jambo la pili lilikuwa barua ya onyo la mwisho kwa dereva, kwa kosa la kutoa gari bila kifaa na bila fomu kukamilika. Katibu aliisoma kwa sauti dhaifu, akitua kila baada ya maneno machache ili avute pumzi.

Bi Klachi alihisi hasira inampanda kutoka miguuni. Hakuwa mjeuri, kwenye malori alijifunza kunyamaza mbele ya watu wenye mihuri. Leo uvumilivu huo ulimwisha.

"Kanuni ni kanuni," Katibu alimaliza. "Ungesubiri nisaini. Kwa nini hukusubiri?"

"Saini ingepatikana, Katibu," alisema Bi Klachi. "Ila ingekuwa ya mkeo, na fomu yenyewe ingekuwa ya mochwari."

Mkuu wa Maabara aliangalia dari. Mzee Rangi aliangalia viatu vyake. Mwalimu akaweka kisu juu ya sahani, akamgeukia mumewe.

"Iandike hiyo kwenye muhtasari," alisema. "Neno kwa neno."

Katibu aliitazama barua iliyokuwa kifuani mwake. Halafu akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mto, akaomba karatasi safi na kalamu. Mkuu wa Maabara akauliza kama suala hilo lisingepaswa kwanza kupelekwa kikao kijacho. Katibu akashika kalamu. Akaandika kwamba dereva amethibitishwa kazini kuanzia siku hiyo, akaisaini peke yake.