Vipande Sita vya Manjano

Solveig alimwachia mumewe agizo moja tu kuhusu bastola: siku binti yao Marit atakapokwenda kununua ya kwake, Orrin afunge mdomo.

"Wewe unajua ngano," alimwambia, wakati huo hata kikombe kimeshamshinda kuinua. "Bastola unazipenda kwa macho tu. Mwache mtoto achague."

Kwao Solveig ndivyo ilivyokuwa. Binti akifikisha miaka ishirini na mmoja huchagua mwenyewe revolva yake ndogo ya kulengea makopo, na mama husimama nyuma yake asiseme neno. Solveig alizikwa Machi. Marit alifikisha umri huo Juni. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi aliyesimama nyuma, katika duka la silaha na zana za uvuvi la Clete Rasmussen, alikuwa Orrin, kofia mkononi, moyo ukimwenda mbio kama yeye ndiye mtahiniwa. Katika wilaya nzima hakukuwa na mtu wa kumshinda Solveig kwa shabaha. Mwezi ujao, kwenye mashindano ya makopo, watu wote wangetaka kuona binti yake ameshika nini. Akichagua vibaya, watasema Solveig ameondoka na ujuzi wake.

"Karibu, mzee," Clete alisema. "Leo unanunua, au umekuja kuniegemea kaunta kama kawaida?"

"Mnunuzi ni huyu."

"Basi kaa kando, unatuzibia mwanga."

Marit alieleza anachotaka: revolva ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, ya kuchezea shabaha, itakayomfaa mpaka uzeeni. Clete akatandika kitambaa juu ya kioo, akaweka mbili. Moja iling'aa kama kijiko cha kanisani, mpini wake wa mti wa jozi. Ya pili ilikuwa kongwe. Rangi yake ya buluu imekwanguka mdomoni mwa mtutu kwa kuingia na kutoka kwenye ala miaka mingi.

"Hiyo inayong'aa..." Orrin alianza.

"Baba."

"Sijasema kitu!"

"Umesema nusu."

Clete alicheka mpaka akakohoa. Marit alifungua silinda ya ile inayong'aa, akatazama matundu yote sita kuwa ni matupu, akamwonyesha Clete naye ahakikishe. Kisha akasema, "Naomba ruhusa niifyatue."

Kicheko kikaisha. "Hapana, binti. Risasi za hizi hugongwa ukingoni. Ukifyatua tupu, pini inagonga chuma na kukiharibu. Mama yako hakukufundisha hilo?"

Orrin alihisi masikio yake yakiwaka. Alitamani kumjibu, akalikumbuka agizo, akaibana kofia yake.

Marit alitia mkono mfuko wa shati, akapanga juu ya kitambaa vipande sita vya plastiki ya manjano, vile vinavyogongelewa ukutani kabla ya kukaza skrubu. Kila kimoja kilikuwa na alama za kugongwagongwa kichwani.

"Mama alinifundisha nisifyatue tupu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja na hivi."

Orrin alivijua. Tangu Machi alikuwa akivitafuta ili atundike picha ya Solveig. Alipindua sanduku la vifaa, akalaani, mwisho akaitundika kwa msumari uliopinda, na mpaka leo picha imekaa upande.

Vipande viliingia kwenye matundu kama risasi zenyewe. Marit akavuta kinyundo cha kugongea risasi polepole kwa dole gumba, kidole cha mkono wa pili kikiizuia silinda kidogo tu. Tundu la kwanza, tik. La pili, tik. La tatu, tik. La nne, kinyundo kilifika mwisho na silinda ikabaki inacheza. Akalirudia. Ikacheza tena.

"La nne halijifungi. Risasi itatoka upande, itakwaruza mlango wa mtutu, na chembe zake zitamrukia aliye jirani."

Clete alivaa miwani, akajaribu mwenyewe, mara tatu. "Wiki tatu iko kabatini kwangu," alisema taratibu. "Sikuliona hilo."

Ile kongwe ilisema tik mara sita, ikashika kama kifuniko cha chupa ya jemu. Marit akaielekeza dirishani, akachungulia uzi wa mwanga kati ya silinda na mtutu. Ulikuwa mwembamba, sawasawa juu na chini.

"Namchukua huyu bibi."

"Alivyochubuka hivi?"

"Amechubuka nje tu."

Hapo Orrin alishindwa kujizuia. "Huyu ni binti wa Solveig!" alisema kwa sauti, mpaka mtu aliyekuwa akichagua ndoana kule nyuma akageuka.

"Tunajua, mzee," Clete alisema, akichukua fomu. "Sasa hivi nimelijua zaidi."

Marit alivikusanya vipande vyake kimoja kimoja.

"Niachie kimoja," Orrin alimwomba. "Picha ya mama yako imekaa upande."

"Matundu sita, Baba. Nunua vyako."

Orrin akavuka barabara kwenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alipomuuliza ni vya kazi gani, Orrin aliegemea kaunta akaanza kumweleza, tangu tundu la kwanza. Alikuwa hajafika la nne Marit alipopiga honi ya gari mara ya tatu.