Sherehe ya Kupona kwa Garama

Kabla madaktari hawajamwondolea sehemu kubwa ya tumbo kwa sababu ya saratani, Garama alikuwa mlaji wa kutajika Chaani nzima. Harusi aliyoalikwa yeye, wapishi waliongeza sufuria. Kitambi chake kilikuwa fahari ya mkewe, Dorcas, na kwa majirani kilikuwa ushahidi kwamba nyumba ile ina neema.

Alitoka hospitali bila kitambi, suruali ameifunga kwa kamba. Muuguzi alikuwa amemweleza taratibu: ale kidogo kidogo mara nyingi, atafune sana, asinywe kitu huku akila, na vitamu avikimbie. La sivyo, chakula kingeteremka upesi mno utumboni, naye angetoka jasho, moyo umwende mbio na kichwa kimzunguke.

Lakini majirani hawakufundishwa na muuguzi. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na sahani, akakaa kuhakikisha imeliwa. Mwanatabu wa nyumba ya pili alileta mahamri na mbaazi za nazi. Alipoona zimeguswa juu juu tu, alimuuliza Dorcas kwa upole kama kuna jambo walilokoseana. Wengine walikata shauri kwamba saratani imekwisha, kinachomuua Garama sasa ni ubishi.

Mchungaji Kiponda akatangaza ibada ya shukrani, na pilau, uani kwa Garama mwenyewe. Garama alimsihi yawe maombi tu. Mchungaji akamjibu kwamba ushuhuda wa uponyaji hautolewi na mtu aliyekonda vile, asiyekula kitu. Waumini wangeingiwa na shaka.

Siku yenyewe ilipofika, alikalishwa mbele, akawekewa sinia ya pilau iliyofunikwa nyama, na soda baridi kando.

"Kula, ndugu, watu waone," Mchungaji alisema kwenye kipaza sauti.

Garama alimtafuta mkewe kwa macho, lakini Dorcas alikuwa jikoni amezungukwa na masufuria. Aliona haya kukataa. Tena, kusema kweli, harufu ya ile pilau ilimkumbusha Garama wa zamani, akatamani kuwa yeye walau mchana mmoja. Akala, akashushia na soda.

Haukupita muda, jasho likamchuruzika. Mikono ikamtetemeka, moyo ukadunda, kichwa kikamzunguka. Akashika meza ainuke akajilaze. Mchungaji alipomwona anatikisika akainua mkono na kutangaza kwamba Roho ameshuka. Kwaya ikapokea, ngoma ikalia, na Winfred, dada mmoja wa kwaya, akaanguka palepale kwa kuambukizwa. Kila Garama alipojaribu kukaa, mashemasi walimshika kwapa na kumsimamisha, apokee vizuri.

Dorcas alitoka jikoni, mwiko bado mkononi. Akawasukuma mashemasi, akamlaza mumewe mkekani, akachukua kipaza sauti.

"Mchungaji, mume wangu hajashukiwa na kitu. Amekunywa soda."

Kwaya ilikawia kunyamaza, maana wimbo ulikuwa umekolea. Mchungaji akasema Bwana ana njia nyingi, hata soda ni njia.

Pale mkekani, kichwa kilipoanza kumtulia, Garama aliona haya zimemtoka. Aibu kubwa kuliko ile haikuwapo tena.

"Tumbo langu lilibaki hospitali," aliwaambia. "Hilo mnalolilisha nyinyi, halipo."

Watu walitazama sahani zao. Mwanatabu ndiye aliyechutama karibu naye, akamuuliza chakula cha kumtosha ni kiasi gani. Garama akamwonyesha kiganja. Tangu hapo Mwanatabu humletea uji usio na sukari, katika kikombe kidogo cha kahawa, na bado hukaa mpaka uishe.

Kuna siku Garama huwa mzima, na kuna siku uchovu humlaza toka asubuhi. Hajanenepa. Hata hivyo kanisa lilimchagua mwenyekiti wa kamati ya chakula. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa akishukiwa kwamba nyama hupotelea mikononi mwake, na wazee walisema mtu asiye na tumbo hawezi kuiba pilau. Garama alikubali kwa moyo mkunjufu. Kwenye harusi ya kwanza aliyoisimamia alipakua mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, na kabla mstari haujafika nusu waumini walikwisha kumshitaki kwa Mchungaji kwamba anawapimia kwa tumbo lake.